Ndege ya Pwani, Hewa ya Thika

Bawa nililifunga kwa leso ya mama. Kiwiliwili kilikaa ndani ya kartoni ya tambi, betri nikazitia kwenye mkoba, na alfajiri ile nikaingia stesheni ya Miritini kama mtu aliyebeba mtoto mchanga na kapu la sokoni kwa wakati mmoja. Mizigo ilipopangwa mstari ili mbwa wainuse, askari mmoja wa kike aliinua pindo la leso kwa kidole, akaona ncha nyeupe.

"Baba, hii ni nini?"

"Ndege."

"Ya kuruka?"

"Ya kuruka."

Akaitazama, akazitazama na mvi zangu, kisha akairudisha leso taratibu, kama anayemfunika aliyelala. "Haya, safari njema."

Nilikuwa nakwenda Thika kwa dada yangu mkubwa. Mumewe, shemeji yangu, alifundisha fizikia sekondari mpaka akastaafu, na ana ugonjwa ule ule nilio nao mimi: kuunda ndege ndogo za kurusha kwa rimoti, kwa mkono, kwa vitu vya dukani na vya jalalani. Miaka kadhaa sasa tunatumiana picha na kubishana kwa simu, yeye akidai ndege zangu ni nzito, mimi nikimjibu kwamba zinaruka. Na kweli zilikuwa zikiruka. Hii niliyoibeba, yenye bawa la sentimita 120 toka ncha hadi ncha, ilikuwa imepaa zaidi ya mara hamsini juu ya mchanga wa ufuoni maji yakipwa. Nikishaitua huipangusa kwa kitambaa chenye maji baridi, nikatia tone la mafuta ya cherehani kwenye mota, maana chumvi ya bahari haina huruma na chuma. Nia yangu ilikuwa siku ya kwanza niirushe Ruiru na mpwa wangu anayeishi huko, halafu niirushe Thika mbele ya shemeji, nimfunge mdomo.

Treni iliponishusha Syokimau niliingia mjini Nairobi, na mjini nikapanda matatu ya 145. Barabara ya Thika, tangu ilipopanuliwa na kufunguliwa mwaka 2012, ni mto wa magari: Pangani, Roysambu, Githurai, Kahawa, vituo vinapita kabla hujamaliza kuhesabu chenji. Bawa nilililaza mapajani, ncha yake ikamgusa bega mama aliyeketi kando. Makanga akaja, noti zimekunjwa katikati ya vidole.

"Mzee, na huyo aliyelala analipa?"

Gari zima likacheka. Nikamwambia huyo bado hajatimiza miaka mitano.

Ruiru niliyoijua kwa masimulizi ya dada ilikuwa mji wa kahawa. Jina lake limeingia hata kwenye mbegu: Ruiru 11, mbuni mfupi unaostahimili chulebuni na kutu ya majani, ulitoka kituo cha utafiti cha hapa hapa na kupewa wakulima mwaka 1985. Leo mibuni imerudi nyuma na ploti zimesonga mbele. Mpwa wangu alinipokea stejini akanipakia kwenye bodaboda, bawa likawa tanga kati yetu, na njiani akawa ananionyesha makaburi ya viwanja vyake. "Pale nilirushia mwaka juzi." Pana gorofa ya orofa tano. "Pale mwaka jana." Pana nguzo na waya, na bango linalosema shamba haliuzwi. Kwa anayerusha ndege, mji unaokua ni mji unaopungua. Uwanja tuliofikia, ng'ambo ya barabara ya Eastern Bypass, ulikuwa wa mzee mmoja aliyemruhusu kijana kwa masharti mawili: asirushe juu ya ng'ombe, na akimaliza aokote kila kipande.

Kibali cha mwenye ardhi si mwisho wa habari. Nchini Kenya, vyombo vinavyoruka bila rubani ndani yake vina kanuni zake za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na kimo kisipite futi 400, yaani mita 120 hivi. Mpwa wangu alikuwa amelishughulikia hilo mapema. Anayetaka kuanza mchezo huu aanzie ofisi hizo kabla hajanunua hata skrubu.

Niliiweka ndege kwenye murramu, nikafungua mota. Ikakimbia. Pwani, hatua kumi na tano zikitimia, hujiinua pua yenyewe. Hapa ikakimbia kumi na tano, ishirini, thelathini, magurudumu yangali chini, mpaka mwisho wa uwanja ukanijia nikazima. Mara ya pili mpwa wangu akaitupa kwa mkono. Ikanyanyuka kidogo tu, nami nikavuta usukani nipate kimo. Bawa la kushoto likaacha kushika hewa palepale. Ndege ikapinduka, ikapiga pua chini, na kimya kilichofuata kikawa kirefu kuliko safari yenyewe.

Kijana alianza kuokota vipande. "Pole, Mjomba." Akasita. "Baba alisema itakuwa hivi. Alinikataza nisikuambie."

Machungu hayo tuliyapeleka Kamakis, kwenye moshi wa nyama choma unaopanda kando ya Bypass kuanzia mchana. Tulipokuwa tukisubiri mbavu, mpwa wangu alimwendea mchomaji akarudi na bunda la vijiti vya mishikaki ambavyo bado havijatumika. "Hivi ndivyo mbao zetu huku," akasema. Kijiti cha mwanzi ni chepesi, kimenyooka, na kinagharimu karibu na bure. Ukikizika ndani ya bawa la povu jeupe kinakuwa uti wa mgongo, ukikipitisha kwenye kiwiliwili kinakuwa kigingi cha kufungia mpira. Ila uchague: viringisha kila kimoja juu ya meza, kinachodundadunda kimepinda, kirudishie nyama.

Jioni tulipanda gari la Thika. Tukapita Juja, penye chuo cha Jomo Kenyatta kilichoanza mwaka 1981 kwa msaada wa Wajapani na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Kijana alisomea uhandisi pale, akakipungia mkono kama anayemsalimu shangazi. Kisha Thika yenyewe, mji wa viwanda kati ya mito ya Chania na Thika, harufu ya mafuta ya kupikia na ya mkate ikipishana hewani. Shemeji alikuwa mlangoni.

"Karibu, shemeji. Ndege ilirukaje?"

"Ilitembea."

Hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Baada ya chai alisafisha meza, akamwomba dada mizani yake ya jikoni. Dada akasema mizani ile ni ya unga wa keki, si ya takataka, na akaileta. Ndege ikapanda: gramu 920. Shemeji akageuza bahasha akaanza kuandika, na nikaona wanafunzi wake walivyomwona miaka yote ile.

"Mombasa uko chini kabisa, hewa yote imekukalia kichwani. Hapa umepanda zaidi ya mita 1,500. Pwani, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo 1.225 hivi. Hapa ina 1.058. Jua likiwaka inapungua tena. Shemeji, umeacha asilimia 14 ya hewa yako Mombasa."

Bawa hubeba ndege kwa kuisukuma hewa kwenda chini. Hewa ikiwa haba, njia ni tatu: ukimbie zaidi, upunguze mzigo, au upanue bawa. Kukimbia zaidi kuna gharama ya kutua kwa kasi, na kutua kwa kasi ndiko kunakovunja. Alizidisha 920 kwa 0.864 akapiga mstari chini ya jibu: 795. "Hii ndege ingekuwa na gramu 795, Thika ingeruka vile vile kama Nyali. Una gramu 125 za kutupa. Na michoro mingi ya ndege unayoiona imechorwa na watu wa nchi za chini. Wanaandika ukubwa wa bawa. Urefu wa mlima hawaandiki."

Nikasema gramu 125 ni nyingi, sioni pa kuzitoa. "Utaziona," akasema. "Haba na haba hujaza kibaba. Wewe umekijaza, sasa kimwage."

Usiku ule tuliibomoa ndege kipande kwa kipande, kila kipande mizanini, kila uzito kwenye bahasha. Nimeunda ndege miaka kumi na mbili na sijawahi kufanya hivyo. Nilipima ndege ikishakamilika, nikasikitika, nikairusha. Yeye hupima kabla ya kubandika, kwa kuwa kikishabandikwa kimeshakuwa ndugu, huna moyo wa kumfukuza.

Wezi wa kwanza walikuwa magurudumu. Niliyatoa kwenye gari bovu la mtoto, raba tupu, gramu 56 yote mawili. Shemeji aliingia uani akarudi na patipati ya bluu iliyokatika kamba, ile sisi pwani tunayoiita kandambili. Alikuwa na mkebe wa nyanya alioutia tupa mdomoni mpaka ukawa mkali. Akailaza soli juu ya ubao, akaukandamiza mkebe, akauzungusha kushoto na kulia kama anayekamua chungwa, na duara likatoka safi, kingo zimenyooka. Msumari akautia kwenye moto wa jiko la gesi, akautoboza katikati ya duara. Moshi mdogo, harufu mbaya, shimo kamili. Ndani ya shimo akapenyeza kipande cha mrija wa kalamu ya Bic kiwe bushi, ili waya usile soli. Mwisho akalivisha gurudumu kwenye keekee, akalizungusha juu ya msasa mpaka likawa mviringo usio na kasoro. Mawili, gramu 12. Gramu 44 zimekwenda, na patipati ya pili ikabaki akiba.

Miguu ilikuwa ya waya mnene niliouokota kwenye ujenzi. Asubuhi tulikwenda kwa fundi wa baiskeli karibu na soko la Makongeni, tukanunua spoki nne. Spoki ina unene wa milimita 2 hivi, ngumu lakini si kaidi: ndege ikitua vibaya inapinda badala ya kung'oa tumbo, nawe unainyoosha kwa koleo ukaendelea. Gramu 10 nyingine zimekwenda. Kwa fundi huyo huyo tulichukua tiubu iliyochakaa bure. Ukiikata kwa mkasi mviringo-mviringo, upana wa kidole kidogo, unapata mipira ya kufungia bawa kwenye kiwiliwili. Ni zile blada ambazo watu wa bodaboda hufungia mizigo, zimepunguzwa tu. Bawa lililofungwa kwa mpira, ndege ikianguka, huchomoka likajilaza kando. Lililobandikwa kwa gundi huvunjika. Ila jua hukausha mpira. Uvute kabla ya kila siku ya kurusha. Ukiona nyufa kama za kisigino, tupa.

Shemeji alisema mpira ndio ulioanzisha mambo haya. Mwaka 1871 Mfaransa Alphonse Pénaud aliirusha ndege ndogo kwa nguvu ya mpira uliosokotwa, jijini Paris, sekunde 11. Mwaka 1878 baba mmoja wa Marekani aliwaletea wanawe wawili kitu cha kuchezea cha mpira kilichofuata ubunifu wa huyo Pénaud. Watoto hao ni Wilbur na Orville Wright. "Kwa hiyo ukimwona mtoto anachezea tiubu," akasema, "usimfukuze haraka."

Kilichobaki cha uzito kilikuwa aibu yangu mwenyewe. Gundi ya moto nilikuwa nimeimwaga kama sharubati: gramu 20 za matone yasiyoshika chochote. Gundi inayofanya kazi ni ile iliyo katikati ya vipande viwili. Inayofura nje ni abiria. Tepu ya kufungia kartoni niliizungusha mwili mzima nikidhani naupa nguvu: gramu 18. Shemeji aliiondoa yote, akaacha ukanda mmoja chini ya tumbo, panapokwaruza, na mwingine mbele ya bawa, panapopiga nyasi. Ukijumlisha, gramu 92. Ndege ikawa 828.

Ikabaki bawa. Povu lile jeupe linalokuja limezunguka televisheni mpya ndilo nyama ya mabawa yetu, na katika mji ambako nyumba mpya zinajaa kila mwezi halikosekani. Shemeji hulikata kwa upinde: kijiti kilichopinda, waya wa hita ya zamani umetandikwa kama uzi wa zeze, na betri ya pikipiki inayoupasha moto. Hukatii ndani ya nyumba, moshi wake ni sumu, na waya hausukumwi. Unauacha ushuke wenyewe kama kisu kwenye siagi. Tuliongeza sentimita 5 kila ncha, vijiti vya Kamakis vikiwa mifupa. Nyongeza ile ilikuwa na gramu 14. Sasa gramu 842, lakini bawa limepanuka kiasi kwamba kila kiganja cha eneo lake kinabeba kidogo kuliko ambavyo kingebeba kwenye ile hesabu ya 795. Shemeji akachora duara kwenye bahasha, akaitia mfukoni.

Pua iliyopasuka aliiunga kwa vijiti vya meno na gundi nyeupe ya seremala. Nilipotoa supaglu mfukoni alinishika mkono. "Umewahi kuijaribu kwenye povu hili?" Nilikuwa nimewahi. Miaka ya nyuma niliubandika mkia nayo, nikaenda kula, nikarudi nikakuta shimo. Supaglu nyingi hulila povu hilo, na petroli halikadhalika. Kila gundi mpya ijaribiwe kwanza kwenye kipande cha kutupa, usiku kucha. Lakini supaglu ina pahala pake. Tundu la skrubu kwenye ubao unaoshika mota lilikuwa limepanuka kwa ile ajali, skrubu inazunguka tu. Shemeji alilijaza baking soda ya dada, akadondosha supaglu tone moja. Ikatoa mvuke, ikawa jiwe kabla hajaweka chupa mezani. Akalitoboa upya kwa keekee nyembamba, skrubu ikashika kama ya kiwandani. Kwenye skrubu za chuma kwa chuma alipaka rangi ya kucha, nyekundu, ili mtikisiko usizilegeze. Na rangi ile ina faida ya pili: ikipasuka, unajua skrubu imezunguka.

Vishikio vya kuongozea mkia tulivikata kwenye kadi ya benki iliyokwisha muda wake. Fimbo ndefu toka kwenye sevo, kimota cha usukani, hadi mkiani haikuwa waya mtupu, maana waya mrefu ni mzito na unapinda: ilikuwa kijiti cha mshikaki chenye vipande vifupi vya spoki kila mwisho, vimefungwa kwa uzi wa kushonea na gundi juu yake. Propela yangu, ya inchi 9 kwa 6, ilikuwa imevunjika, na shemeji hakutaka niirudishe ile ile. Hewa ikiwa nyembamba, propela nayo hukosa cha kushika. Alinipa ya inchi 10 kwa 4.7: pana zaidi, mkato wake mdogo, ili mota isizidiwe. Tuliizungusha dakika moja, akaigusa mota kwa kidole. Ukiweza kukiacha kidole, salama. Ukikiondoa kwa ghafla, punguza propela. Kabla ya kuifunga aliipitisha sindano ya kufumia katikati, akailaza sindano juu ya bilauri mbili. Panga moja likashuka. Akabandika ukucha wa selotepu kwenye lile lililo jepesi, akapunguza, akapunguza, mpaka propela ikatulia popote alipoiacha. Propela isiyosawazishwa hutikisa kila kitu, na mengi tunayoyaita bahati mbaya angani ni skrubu iliyolegezwa na mtikisiko huo.

Jioni ilitupata na sufuria. Kabatini kwake mna injini ndogo ya zamani, ya kuchoma methanoli iliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Mafuta hayo huigandia injini kwa nje, kahawia, mfano wa ukoko. Dawa anayoitumia ni kuichemsha injini, plastiki na raba zimetolewa, kwa moto mdogo ndani ya maji ya rejeta yale ya kijani, kwa saa kadhaa, nje ya nyumba. Ukoko unatoka wote. Dada, aliyekuwa akipepeta mchele, akasema bila kuinua kichwa:

"Mwambie na sufuria ni ya nani."

"Ilikuwa yako," shemeji akajibu kwa upole. "Maji yale ni sumu. Sufuria ikishaingia karakana hairudi jikoni."

"Na chungu?"

Chungu ni cha betri. Betri hizi za lithiamu ndizo moyo wa mchezo na ndizo hatari yake. Seli moja ikijaa ni volti 4.2, ikishuka chini ya 3 inakufa. Ukimaliza kurusha usiihifadhi imejaa wala imekwisha: iache kwenye 3.8. Iliyovimba hata kidogo haipandi ndege tena. Shemeji huzichajia ndani ya chungu cha udongo, nje kwenye saruji, mbali na mapazia, na yeye yupo kwenye kiti akisoma gazeti. Sijawahi kumwona akilala betri ikichajiwa. Nilikuwa nikichajia kitandani kwangu. Sikumwambia.

Kulipopambazuka Jumapili, saa moja kasoro, tulikuwa kwenye uwanja wa nje ya mji alioombewa na jirani yake. Alichagua saa hiyo kwa makusudi: hewa ya baridi ni nzito, na upepo haujaamka. Mbali upande wa kaskazini mashamba ya mananasi yalikuwa rangi ya majivu. Mbuzi watano walikuwa wamefika kabla yetu.

Kwanza mizani ya vidole. Bawa langu lina upana wa sentimita 20, na ndege inapaswa kusimama sawa ukiishika chini ya bawa kwenye robo hadi theluthi ya upana huo toka mbele, kati ya sentimita 5 na 6 na nusu. Tulikuwa tumeweka alama mbili za kalamu, sentimita 5 na nusu. Nikainyanyua kwa ncha za vidole viwili. Mkia ukashuka. Nilisahau kwamba magurudumu niliyoyatupa yalikuwa mbele. Mkono wangu ukaenda mfukoni kutafuta sarafu za kubandika puani, kama nilivyozoea.

"Usiongeze," shemeji akasema. "Hamisha."

Betri ikasogezwa mbele kwa upana wa vidole viwili. Ndege ikatulia juu ya ncha za vidole vyangu, pua imeinama kidogo tu, kama mtu anayeitikia salamu. Hakuna gramu iliyoongezeka.

Pili, redio. Rimoti huwashwa kwanza na kuzimwa mwisho, ili ndege isibaki hata sekunde bila bwana. Mpwa wangu akaenda nayo hatua thelathini rimoti ikiwa kwenye nguvu ndogo ya majaribio, kila kitu kikaitikia. Tukazima rimoti kusudi: mota ikanyamaza yenyewe, kama tulivyoipanga. Tatu, usukani. Shemeji ana kibwagizo chake anachokiimba kila mara: "Kulia, la kulia liinuke." Ukipeleka usukani kulia, kibawa cha nyuma cha bawa la kulia kipande, si kishuke. Tulikuwa tumezichomoa nyaya zote usiku ule. Nikapeleka kulia. La kulia likashuka.

Hakuna aliyesema neno. Nikabadilisha upande kwenye rimoti, nikajaribu tena, likapanda. Kosa hilo moja lingeimaliza ndege katika sekunde mbili, na gramu zetu zote zingezikwa nayo.

Mpwa wangu aliishika chini ya bawa, akakimbia hatua tano, akaiachia mbele, sawasawa, bila kuielekeza juu. Safari hii sikuvuta. Niliiacha ijipatie mwendo, ikapita juu ya mbuzi kwa kimo cha mtu, ikaendelea, kisha kidogo kidogo ikaanza kupanda. Ilipofika juu ya mikaratusi niliigeuza, jua likalipiga bawa, nikaona viraka vya nyongeza kila ncha na vivuli vya vijiti ndani yake. Shemeji alikuwa amekunja mikono nyuma. Nikamkabidhi rimoti. Aliizungusha mara nne bila kusema, kwa mizunguko mipana ya mtu asiye na haraka, akanirudishia.

Kutua kulikuwa kwa kasi kuliko nilivyozoea. Spoki ya kushoto ikapinda, tukainyoosha kwa koleo, tukarusha tena. Mara tatu, mpaka betri zikaisha na watu wakaanza kupita na Biblia zao kwenda kanisani. Njiani shemeji alitoa ile bahasha mfukoni akanipa. "Kaitunze," akasema. "Hiyo ndiyo ndege. Hilo lingine ni povu."

Nilirudi Mombasa na bawa ndani ya leso ile ile. Jumamosi maji yalipopwa nikashuka ufuoni. Hatua saba tu, ikawa hewani. Niliizungusha mpaka nikaridhika, nikapunguza mota, nikaileta chini kwenye mchanga kama mara hamsini zile za zamani. Ikanipita. Sikuwa nimeiunda tena kwa hewa hii nzito ya nyumbani. Mkeka mzima wa hewa uliishika chini ya bawa na haukutaka kuiachia. Nikazima mota kabisa. Bado inaelea, kimo cha goti, polepole, ikinikimbia kuelekea majini, nami nyuma yake na rimoti mkononi, nikicheka peke yangu na kusubiri iamue kutua.